Vipimo vya Aliyelala

Kiuno kilikuwa kimezidi nusu inchi.

Kwa mtu mwingine nusu inchi ni jambo la kucheka. Lakini Fundi alikuwa ameshika mkasi miaka thelathini na moja, na kwake nusu inchi ndiyo tofauti kati ya bibi harusi anayecheka na bibi harusi anayelia chumbani. Jana, kabla ya kuzima kompyuta, aliliacha lile umbo la msichana alilolichora likiwa na kiuno cha inchi ishirini na sita kamili. Leo asubuhi limesimama palepale kwenye skrini, mikono imening'inia, macho yanatazama mbele kama ya mtu aliyeambiwa asubiri, na kiuno kinasoma ishirini na sita na nusu. Akakirudisha. Akajisemea kwamba macho yamezeeka, akaendelea na kazi.

Kazi yenyewe alikuwa na miezi miwili tu ndani yake. Nguo za tayari zilikuwa zimemkaba koo. Wateja waliobaki walikuja kupunguza mikono na kubadilisha zipu. Aliyemwonyesha njia nyingine ni binti yake wa pekee, msichana wa miaka kumi na saba ambaye mtaa mzima ulimwita Chiriku, kwa sababu mdomo wake haukujua likizo.

"Mama, humu mtandaoni kuna mji mzima," alimwambia siku hiyo, kompyuta mapajani. "Watu wana nyumba, wanatembeleana, wanaalikana. Kila mtu ana umbo lake na kila umbo linavaa. Lakini hebu ona nguo zao! Kama wamejifunga maturubai."

"Kwa hiyo nimshonee nani, kivuli?"

"Mshonee huyohuyo kivuli. Ana marafiki wengi kuliko wewe."

Fundi alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akasogeza kiti. Kutazama hakulipiwi.

Wiki ya kwanza alitukana. Kitambaa cha humo hakina uzito, hakina upande wa ndani, hakichuji wala hakirudi kikifuliwa. Unakichora kikiwa bapa, unaonyesha wapi kishikane na wapi, halafu kinajikunja chenyewe juu ya mwili. Wiki ya pili akagundua kwamba mshono ni mshono hata ukiwa wa mwanga. Wiki ya tatu alikuwa akimfundisha Chiriku mambo ambayo Chiriku hakujua kwamba yapo. Mtu wa mbali asiyemjua alimwandikia: "Sijawahi kuona bega limekaa hivi." Fundi aliyasoma maneno hayo mara nne, na siku nzima alikanyaga cherehani akiimba.

Tatizo lilikuwa miili. Maumbo yote ya mji ule yalikuwa na viuno vya nyigu na miguu ya korongo, na gauni zuri juu ya mwili wa uongo huonekana la uongo. Akaamua kutengeneza mwili wake mwenyewe, wa msichana wa kweli, mwenye bega moja lililoshuka kidogo kama mabega ya watu wote yalivyo. Na msichana wa kweli alikuwa naye nyumbani. Ila Chiriku kumpima akiwa macho ni sawa na kumpima kuku: mara simu, mara dirishani, mara kusimulia nani kagombana na nani.

Basi alasiri moja akamkuta amelala chali kwenye mkeka wa chumba cha kushonea, mikono pembeni, ametulia tuli. Futi ilikuwa shingoni mwa Fundi kama siku zote. Alikumbuka, ndiyo, alikumbuka. Yule mama mkali aliyemfundisha ushonaji alikuwa na sheria tatu: usikate na hasira, usishone na njaa, na aliyelala hapimwi. Sheria mbili za mwanzo alizieleza. Ya tatu hakuieleza, alimpiga tu mwanafunzi mmoja kofi siku alipoivunja. "Ushamba," Fundi akajisemea, akapiga magoti. Akapima bega, kifua, kiuno, nyonga, mkono, paja. Akapima hata kutoka utosini hadi kisiginoni, kipimo ambacho nguo haikihitaji. Chiriku hakugeuka hata mara moja.

Mwili ule ulipokamilika ulikuwa mzuri kupita kiasi. Chiriku aliuona, akapiga kelele ya furaha. "Mama, huyu mimi! Uweke bure kwenye duka lako humo mjini, watu wakujue kwanza. Ruhusu kila mtu aunakili. Na usiogope kukosea, ukirekebisha wako, nakala zote walizochukua zinarekebika zenyewe." Fundi akabonyeza alipoambiwa abonyeze.

Nusu inchi aliyoirekebisha ilirudi kesho yake. Akaitoa. Ikarudi tena na mwenzake, na safari hii kifua nacho kilikuwa kimejaa.

Siku hiyohiyo Chiriku alikuja ameshika sketi yake kwa ngumi. "Nipunguzie, inanivuka."

"Unajinyima chakula wewe? Unataka kiuno cha nyigu?"

"Nakula, mama," alisema Chiriku.

Fundi alipunguza nusu inchi, akaung'ata uzi. Alikuwa amefika mlangoni na sketi mkononi alipotambua kilichokuwa kimemsumbua tangu asubuhi. Nyumba ilikuwa kimya. Mtoto aliyezoea kusimulia mpaka ndoto zake alikuwa amejibu maneno mawili, akaishia hapo.

Katika wiki ile Fundi alipunguza sketi mara tatu. Daktari wa zahanati alimtoa Chiriku damu, akampima hiki na kile, akasema hana ugonjwa, ale mayai. Chiriku alikula mayai. Mifupa ya mabega ilizidi kutokeza chini ya blauzi, na sauti yake ikawa nyembamba hadi ikabidi umsogelee ndipo umsikie. Na chumba cha kushonea kikaanza kunuka. Ilikuwa harufu baridi na kali, inayopanda puani na kukaa, na Fundi aliijua bila kukumbuka aliijulia wapi. Alifungua madirisha, akafua mapazia, akamwaga chaki zote. Harufu ilitoka kwenye kompyuta.

Kisha mchana mmoja, saa saba, jua likiwa utosini na mtaa wote umejifungia kwa joto, alikuwa ameinama akitunga uzi kwenye sindano aliposikia Chiriku anaongea. Moyo ulimruka kwa furaha. Ile sauti yenyewe, ya zamani, isiyopumua, inasimulia nani kagombana na nani! Akainuka upesi kumwendea chumbani, na alipofika mlangoni alimwona mwanawe amelala kando ya ukuta, midomo imefungwa, macho wazi yanamtazama kwa huruma, na sauti ikaendelea, nyuma yake, kule alikotoka, ikitoka kwenye visikilizio vya masikioni alivyoviacha juu ya meza ya kukatia, ndogo, ya kasi, yenye kicheko katikati, ikimtaja jirani huyu na yule, na alipogeuka na kurudi kwa miguu isiyotaka kurudi, akaona skrini aliyokuwa ameizima imewaka, na lile umbo ambalo siku zote hutazama mbele lilikuwa limempa mgongo likijitazama kwenye kioo cha duka la Fundi la mtandaoni, likijigeuza upande huu na upande ule kama mteja, likijipapasa kiuno, na kabla hajaifikia meza likageuza shingo, shingo tu, mwili ukibaki umeelekea kioo, likamwambia kwa sauti ya mtoto wake:

"Fundi, mkono wa kushoto bado unanibana."

Alilifuta. Alikosea mara mbili, lakini alilifuta, akamwaga na pipa la takataka la kompyuta, akang'oa waya ukutani. Alikaa sakafuni akisikiliza moyo wake. Kimya. Akaanza kucheka peke yake, kwa kitu kilichofanana na ushindi, na hapo ndipo aliposikia kishindo cha Chiriku akianguka chumbani.

Hakuwa na uzito. Fundi alimbeba kitandani kama anavyobeba gauni la mteja, kwa mikono miwili iliyonyooka.

Jioni alirudi kwenye kompyuta, kwa sababu mzazi hachagui pa kwenda. Aliingia katika ule mji kwa umbo lake la siku ya kwanza, lile lililonyooka kama kigingi ambalo hupewa kila mgeni, akaenda uwanja mkubwa ambako watu hukusanyika. Uwanja ulikuwa umejaa. Wengine walicheza, wengine walikaa kwenye ngazi wakipiga soga, na kila aliyemwangalia, mwenye nywele nyekundu, mwenye mabawa, mwenye ngozi ya buluu, alikuwa na bega moja lililoshuka kidogo. Alifungua ukurasa wa duka lake. Walioichukua ile bidhaa ya bure walikuwa mia nne na kumi na wawili. Mia nne na kumi na wawili walikuwa wamemvaa mwanawe. Ndipo mmoja aliacha kucheza akamgeukia, na wa pembeni yake naye akageuka, na wa ngazini, na wa buluu, mmoja baada ya mwingine mpaka uwanja mzima ulikuwa umeelekea kwake pasipo sauti, na wote wakainua mkono wa kushoto, taratibu, kama mtu anayemwonyesha fundi mahali panapobana.

Fundi alimpigia simu wifi yake.

Wifi huyo, dada wa marehemu mumewe, alikuwa mwosha maiti. Miaka ishirini aliosha wanawake wa mitaa yao, matajiri kwa maskini, na alikuwa mnene, mcheshi, mwenye ulimi wa pilipili. Waliokuwa hai walimwogopa kuliko waliokufa. Aliingia akiwa tayari na neno la kumchokoza mke wa kaka yake, akafika katikati ya chumba, akavuta pumzi, na utani ukamfia mdomoni.

"Wifi," alisema kwa sauti ya chini. "Nani amekufa hapa?"

"Hajafa mtu."

"Mbona pananuka kafuri ya maiti?"

Fundi akaikumbuka hapo ile harufu. Aliinusa mara moja, siku walipomtoa mumewe.

Alimweleza yote, akinong'ona, maana Chiriku alikuwa amelala chumba cha pili na mlango ulikuwa wazi. Wifi hakumkatiza. Hakujua kompyuta, hakuuliza kompyuta. Aliuliza jambo moja.

"Ulimpima amesimama au amelala?"

Fundi alitazama mikono yake.

"Mwanamke wewe! Amelala?"

"Alikuwa usingizini tu, wifi. Dakika tano."

"Mimi ndiye hupima waliolala. Ndiyo kazi yangu, utosini hadi kisiginoni, nikate sanda. Kipimo hicho mtu hachukuliwi mara mbili." Akajifuta jasho. "Sikiliza. Jini hana mwili. Anazunguka tu, anatamani, kama mtoto nje ya duka la nguo. Ukimpima aliyesimama, kipimo kina mwenyewe. Ukimpima aliyelala umetangaza kwamba mwenyewe ameshatoka. Ukaenda ukashona mwili mtupu, ukauacha wazi, ukaandika bure. Ulitegemea aingie nani, malaika?"

"Nimeufuta. Umebaki kwa watu mia nne."

"Jini havuliwi nguo kwa nguvu, atavutana nawe mpaka ichanike. Na inayochanika ni ya mtoto. Mpe nyingine aivae, ile ya kwanza ataivua mwenyewe."

Walijaribu kwa sanamu ya mbao ya kujaribishia nguo. Wifi aliilaza sakafuni, akaisomea aliyoyasoma, Fundi akaipima, akautengeneza mwili upya na kuingiza namba moja moja. Namba zilikaa kwa pumzi tatu. Kisha zikaanza kurudi zenyewe kwenye zile za Chiriku, polepole, na vile visikilizio vikacheka.

"Mti anaujua," alisema wifi. Akajipiga tumbo. "Basi nipime mimi. Mimi nina cha kupunguzwa. Atakula miaka kumi kabla ya kufika mfupani."

Huo ulikuwa utani, na haukuwa utani. Machozi yalimjaa Fundi. Miaka yote alidhani mwanamke huyu hampendi.

"Futi niliishika mimi, wifi," alisema, akaivua shingoni na kumkabidhi.

Alilala kwenye mkeka uleule, chali, mikono pembeni. Dari ilikuwa na ufa ambao hakuwahi kuuona. Wifi alipiga magoti, na mikono yake ilipomgusa begani ilikuwa mikono ya kazini, ya upole, isiyo na haraka, na Fundi alifahamu ni upole gani huo na umewagusa akina nani. Kifua. Kiuno. Nyonga. Utosini hadi kisiginoni. Wifi alizisoma namba kwa sauti ya chini na machozi yake yakamdondokea Fundi shavuni.

Fundi aliinuka, akaziingiza namba mwenyewe. Mwanamke wa miaka hamsini na mbili alisimama kwenye skrini, tumbo la mzazi, mgongo uliopinda kwa cherehani. Palikuwa na kitufe cha kupeleka marekebisho kwa kila aliyechukua nakala. Alikibonyeza.

Namba zilikaa. Pumzi tatu, pumzi kumi. Visikilizio vilinyamaza kabisa, halafu kitu ndani yake kikapumua kwa raha, kama mtu aliyevua kiatu kinachobana, na chumba cha pili sauti ikaita, nyembamba lakini yake, "Mama, nasikia njaa. Na mbona shangazi yuko hapa saa hizi, nani amekufa?"

Fundi alianguka juu ya kifua cha wifi yake akalia kwa kelele. Wakati wanasubiri uji uchemke, wifi alimshika mkono. "Usimwambie. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, lakini huyu naye ana moyo wa kwenu. Akijua, atajilaza mwenyewe mahali pako."

"Sitamwambia."

Chiriku alijaa kwa wiki mbili. Fundi alifumua zile sketi zote kwa furaha ambayo hakuwahi kuipata kwenye kushona. Nyumba ilijaa makelele tena, na alikuwa akiacha kazi ili tu asikilize nani kagombana na nani. Yeye mwenyewe alijipima kila Ijumaa nyuma ya pazia, na jambo moja lilimpa moyo: alipungua kidogo sana, kadiri waliouvaa mwili wake walivyokuwa wachache. Nani anataka kutembea mji wa mtandaoni na mwili wa mama mtu mzima? Watu walilalamika, wakataka ule wa zamani, wakauvua. Mia nne wakawa tisini, wakawa ishirini, wakawa sita. Kwa watu sita, Fundi alipiga hesabu, angeweza kufika mbali. Angemwona Chiriku akimaliza masomo. Pengine angemshonea gauni la harusi. Harufu ilibaki, hafifu, na kila saa saba mchana visikilizio vilisafisha koo kwa sauti ya Fundi mwenyewe, lakini mtu huzoea.

Wifi alikuja kila Jumapili na chungu cha chakula kizito, akamtazama akila mpaka tonge la mwisho.

Katika mwezi wa tatu tangu usiku ule, alasiri, Chiriku aliingia mbio, simu mkononi, viatu miguuni, maneno yakimtangulia.

"Mama, nimekasirika, halafu nimefurahi! Niliingia kule dukani kwako nikaona watu wanaandika upuuzi, eti mwili mbaya, eti bibi kizee. Nikautazama. Mama, si ni wewe! Ule mgongo wako! Nikasema hawa wamcheke mama yangu? Nikauvaa. Nikaandika: huyu ndiye mama aliyenilea kwa cherehani, anayempenda mama yake auvae siku moja. Mama, watu wamelia! Wanaupeleka kwa wenzao, kila mtu anaweka picha amesimama na mwili wako. Nimeacha wamefika elfu tatu, na hiyo ni tangu asubuhi tu."

Aligeuza simu amwonyeshe. Uwanja mkubwa ulikuwa umejaa wanawake wenye mgongo uliopinda, na wa mbele kabisa alikuwa na jina la Chiriku juu ya kichwa.

Fundi alisikia gauni likilegea kiunoni, taratibu, kama mtu amevuta uzi kwa nyuma. Alishika meza. Mwanawe alikuwa akimtazama, mashavu yamejaa, macho yanang'aa, anasubiri kusifiwa.

"Umefurahi, mama?"

"Nimefurahi sana, mwanangu," alisema Fundi, na mkono mwingine ukawa unatafuta pini mezani. "Hebu njoo ukae hapa karibu. Nisimulie tena, tangu mwanzo."